Tunguu, kaskazi na masafa ya sayari

Jioni ya Jumanne, tarehe 20 Februari 1962, Unguja ilikuwa katikati ya Ramadhani. Adhana ya magharibi ilikuwa imebakisha dakika ishirini na kitu, na majiko ya Mji Mkongwe na Ng'ambo yalikuwa katika pirikapirika ya mwisho ya futari. Wakati huohuo, zaidi ya kilomita 200 juu, chombo chenye nafasi ya mtu mmoja tu kilikuwa kikitokea upande wa Kano, Nigeria, na kuelekea Bahari ya Hindi kwa mwendo wa kilomita 28,000 kwa saa. Ndani yake alikuwamo John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia. Alikuwa ameruka kutoka Florida kiasi cha nusu saa tu kabla ya hapo, na sauti yake ikasikika Tunguu.

Tunguu iko yapata kilomita 16 kutoka mjini, kwenye barabara ya kwendea Makunduchi. Hapo ndipo Shirika la Anga la Marekani, NASA, lilipoweka moja ya vituo 18 vya kufuatilia safari za mradi ulioitwa Mercury. Vituo hivyo vilitandazwa kuizunguka dunia: Cape Canaveral, Bermuda, Visiwa vya Kanari, Kano, Unguja, meli iliyowekwa Bahari ya Hindi, Australia, Hawaii, Mexico, hadi kurudi tena Marekani. Siku hizo hazikuwapo setilaiti za kupokezana mawasiliano. Chombo kikishazama chini ya upeo wa macho, sauti hukatika papo hapo, na waliobaki nyuma hawana la kufanya ila kungoja kituo cha mbele kitoe habari. Unguja ilikuwa kituo cha mwisho cha nchi kavu kabla ya bahari kuu. Baada yake kulikuwa na meli ile moja tu, kisha Australia.

Kazi ya Tunguu ilikuwa kusikiliza na kusema. Mitambo yake ilipokea taarifa zilizotumwa na chombo chenyewe kwa mawimbi ya redio, kama vile joto, hewa, umeme na mapigo ya moyo wa mwanaanga, na watu wa zamu walizungumza naye kwa dakika chache alizokuwa juu ya upeo wao. Miongoni mwao alikuwamo daktari. Leo jambo hilo linaweza kuonekana dogo, lakini mwaka 1962 watu waliokwisha kuizunguka dunia walikuwa wawili tu, Yuri Gagarin na Gherman Titov, wote Wasovieti, na madaktari walikuwa bado na hofu kwamba mtu asiye na uzito huenda akashindwa kumeza chakula, akapoteza dira au macho yake yakaacha kuona sawasawa. Katika safari hiyo Glenn alikuwa na kamba ya mpira ya kuvuta kama zoezi, na madaktari walio chini walilinganisha mapigo ya moyo wake kabla na baada ya kuivuta. Moyo ulipanda, kisha ukatulia kama wa mtu yeyote mwenye afya. Muda mfupi baadaye Glenn aliliona jua likizama juu ya Bahari ya Hindi. Waliokuwa chini walifuturu mara moja jioni ile. Yeye aliyaona machweo mara tatu kabla ya kutua baharini, baada ya saa 4 na dakika 55.

Mradi ulibeba jina ambalo kwa Kiingereza ndilo la sayari ya Utaridi, lakini hakuna hata chombo kimoja cha mradi huo kilichokwenda kwenye sayari yoyote. Shabaha ilikuwa kuizunguka dunia na kurudi salama. Alitangulizwa sokwe aitwaye Enos, Novemba 1961, akazunguka mara mbili. Baada ya Glenn wakafuata Scott Carpenter mwezi Mei 1962, Walter Schirra mwezi Oktoba, na Gordon Cooper aliyekaa juu kwa saa 34 mwezi Mei 1963. Hizo zilikuwa hatua za mtoto anayejifunza kusimama. Hata hivyo katika miezi hiyohiyo, wanadamu walianza safari za kweli za sayari, na ndipo swali la kale la watu wa pwani liliporudi kwa sura mpya: safari inachukua muda gani, na mtu aondoke lini?

Swali hilo Unguja inalifahamu vizuri kuliko miji mingi ya dunia.

Kwa karne nyingi, jahazi halikuondoka Muscat, Sur au Kuwait siku ambayo nahodha alijisikia kuondoka. Liliondoka upepo uliporuhusu. Kaskazi huanza kushika mwishoni mwa mwaka na kuvuma hadi Machi, na ndio uliowaleta wageni kutoka Ghuba, Bara Hindi na pwani ya Somalia na tende zao, mazulia yao na papa mkavu. Kisha huja maleleji, majira ya pepo zisizo na msimamo, na baada yake kusi, inayovuma kutokea upande wa pili na kuwarudisha makwao, vyombo vikiwa vimesheheni karafuu, nazi na boriti za mikoko kutoka Rufiji. Kutoka Unguja hadi Muscat kuna kama kilomita 3,900 kwa mstari ulionyooka. Jahazi lenye upepo mzuri lilizimaliza kwa wiki tatu au nne. Lakini anayetaka kujua safari ya Unguja ilikuwa ndefu kiasi gani hawezi kuhesabu wiki hizo peke yake. Mwaka 1938 baharia wa Australia, Alan Villiers, alipanda jahazi la Kuwait huko Aden, akashuka nalo pwani yote hii hadi Unguja na Rufiji, na walipofika Kuwait ilikuwa tayari katikati ya 1939. Sehemu kubwa ya miezi hiyo ilikwenda katika kungoja: kungoja bidhaa, kungoja kibali, na juu ya yote, kungoja upepo ugeuke.

Ndiyo maana mabaharia na wakulima wa Unguja walitunza kalenda ya pekee, mbali na ile ya mwezi mwandamo inayoongoza funga na sikukuu. Mwaka wa Nairuzi ni mwaka wa jua, wenye siku 365, unaogawanywa katika miongo, kila mwongo siku kumi. Mwezi mwandamo haumwambii nahodha upepo utageuka lini, kwa kuwa miezi yake inazunguka majira yote. Siku za Nairuzi humwambia. Wanaokwenda Makunduchi kila Julai kutazama Mwaka Kogwa, watu wakipigana kwa vigogo vya migomba na kibanda kikichomwa moto, huwa wanatazama pia masalio ya hesabu ya safari. Atakayeondoka katika mwongo usio wake hataokoa siku hata moja. Atapigana na bahari bure, au atalala bandarini hadi msimu mwingine.

Masafa yalianza kufupishwa karne ya 19, tena si kidogo kidogo. Februari 1840 merikebu ya Sultani Sayyid Said, iliyoitwa Sultana, iliondoka Unguja chini ya Ahmad bin Naaman, ikasaidiwa na kaskazi kushuka kusini, ikaizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuingia New York tarehe 30 Aprili. Ilikuwa imebeba pembe za ndovu, karafuu, ngozi na tende, pamoja na zawadi kwa Rais Martin Van Buren, wakiwemo farasi. Safari hiyo ya miezi mitatu kasoro ilihesabiwa kuwa ya ufanisi mkubwa. Wamarekani wenyewe walikuwa wamekwisha kufungua ubalozi wao mdogo Unguja mwaka 1837, kwa ajili ya biashara ya bandari ya Salem. Mwaka 1872, mwaka uleule ambao kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuzamisha merikebu za Sayyid Barghash, meli za moshi za kampuni ya British India zilianza kuleta barua kutoka Aden kwa ratiba, upepo upende usipende. Mwaka 1879 waya wa simu ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja na kuendelea kusini. Bei ya karafuu iliyokuwa ikingojwa kwa wiki sasa ilifika siku ileile. Jengo la simu za nje lililokuwa likishughulikia mawasiliano hayo lingali limesimama Shangani, likitazama bahari, ingawa sasa wageni hulala humo kama hoteli.

Glenn alipopita mwaka 1962, ilikuwa imekaribia kutimu miaka 122 tangu Sultana ifike New York. Masafa ambayo merikebu ile iliyamaliza kwa karibu miezi mitatu, yeye aliyakata kwa nusu saa. Kwa mwendo huo angefika Muscat kwa dakika nane.

Mtu akisikia hayo huona kwamba mambo ya misimu yamekwisha. Sivyo. Dunia ilipofupika hadi kuwa ya dakika, wataalamu waligeukia sayari na kukuta misimu inawangoja huko, mikali kuliko ya bahari.

Hesabu ya haraka inaweza kumdanganya msomaji. Agosti 2003 Mirihi ilikaribia dunia hadi kiasi cha kilomita milioni 56, karibu kuliko wakati wowote katika miaka elfu kadhaa. Kwa mwendo wa Glenn wa kilomita 28,000 kwa saa, masafa hayo ni ya siku 83 tu. Lakini hakuna chombo kinachoweza kwenda Mirihi kwa mstari ulionyooka namna hiyo. Dunia yenyewe inakimbia kulizunguka jua kwa kilomita 30 kila sekunde, na kila kinachoruka kutoka duniani kinaondoka na mbio hizo. Mirihi nayo inakimbia, kilomita 24 kwa sekunde, katika njia iliyo mbali zaidi na jua. Roketi huwaka kwa dakika chache tu. Baada ya hapo chombo husafiri kimya kwa miezi, kikiviringika kulizunguka jua katika tao refu, bila injini, na tao hilo lazima likutane na Mirihi mahali ambapo sayari hiyo itakuwa imefika siku ya miadi. Akikosea anayepiga hesabu, chombo kitavuka njia ya Mirihi na kukuta sayari yenyewe haipo.

Mhandisi wa Ujerumani aitwaye Walter Hohmann ndiye aliyeeleza njia hiyo kwa hesabu kamili katika kitabu alichochapisha mwaka 1925, wakati roketi za kufika angani hazijakuwapo bado. Alionyesha kwamba njia inayotumia mafuta machache zaidi kwenda Mirihi ni ya siku 259 hivi. Kinachomgusa zaidi mtu wa pwani ni sehemu ya pili ya hesabu. Atakayefika Mirihi kwa njia hiyo hawezi kugeuka na kurudi kesho yake, kwa sababu dunia haitakuwa mahali pa kumpokea. Itambidi akae huko miezi kama 15 akingoja sayari mbili zikae sawa, kisha miezi mingine minane na nusu ya kurudi. Jumla ni miaka miwili na miezi minane. Msimu wa kuondoka duniani kwenda Mirihi hufunguka mara moja kila miezi 26. Kwenda Zuhura hufunguka kila miezi 19. Nahodha wa Sur angeielewa hesabu hii bila kuhitaji mfano wowote: njia ya kwenda, kukaa ugenini hadi upepo ugeuke, na njia ya kurudi. Tofauti ni kwamba msimu wake yeye ulikuwa mmoja kila mwaka.

Chombo cha kwanza kufika sayari nyingine kikiwa hai kiliondoka katikati ya uhai wa kituo cha Tunguu. Mariner 2 iliruka tarehe 27 Agosti 1962 na kupita karibu na Zuhura tarehe 14 Desemba, siku 109 baadaye, ikatuma habari kwamba sayari ile ing'arayo jioni na alfajiri ni tanuri. Tunguu haikuisikia, kwa kuwa mitambo yake iliundwa kwa vyombo vinavyopita karibu. Sikio la Afrika kwa sayari za mbali lilikuwa Hartebeesthoek, karibu na Johannesburg, kwenye sahani ya mita 26. Miaka miwili baadaye Mariner 4 ilikwenda Mirihi kwa siku 228, ikapita mwezi Julai 1965 na kuleta picha za kwanza za karibu: nchi kavu yenye mashimo mengi, bila mifereji wala mashamba ambayo watu waliyaota kwa miaka mingi.

Tangu hapo muda wa safari ya Mirihi haujabadilika sana, na jambo hili huwashangaza wengi. Kompyuta zimekuwa ndogo na zenye nguvu maradufu, lakini njia ni ileile na jua ni lilelile. Julai 2020 msimu ulipofunguka, vyombo vitatu viliondoka ndani ya wiki mbili. Kimoja kilikuwa cha Falme za Kiarabu, kilichoitwa Al-Amal, yaani Tumaini, kilichoandaliwa Dubai na kurushwa kutoka Japani. Cha pili cha China, Tianwen-1. Cha tatu cha Marekani, Perseverance. Vyote vilifika Februari 2021, baada ya miezi sita na nusu hadi saba, tarehe 9, 10 na 18. Vilisafiri kama majahazi ya msafara mmoja. Perseverance ilikata kilomita milioni 472, ingawa mwaka huo Mirihi ilipokuwa karibu zaidi haikuzidi kilomita milioni 62 na ushei kutoka duniani. Na kuna Waswahili wengi wanaoishi Dubai, Abu Dhabi na Muscat. Pwani ambayo babu zao waliifikia kwa kusi ilikuwa imetuma chombo chake Mirihi.

Anayeukosa msimu hulipa. Chombo cha InSight kilipangwa kuondoka mapema mwaka 2016. Desemba 2015 iligundulika kwamba kipimo chake cha mitetemo kinavujisha hewa. Hitilafu yenyewe ilikuwa ndogo, tena ya kutengenezeka, lakini muda haukutosha, na chombo kizima kikawekwa hadi Mei 2018. Sayari zilidai miezi 26.

Utaridi, sayari yenye jina moja na mradi wa Tunguu, ina ukaidi wake. Haiko mbali, lakini anayeiendea huwa anaanguka kuelekea jua, na mbio zake huzidi mpaka asiweze kusimama. Mariner 10 iliifikia mwaka 1974 baada ya siku 147, ila ilipita tu. Kuingia kwenye mzunguko wake ni kazi nyingine kabisa: chombo cha MESSENGER kiliondoka Agosti 2004 na kikaingia Machi 2011, miaka sita na nusu, kikipita kwenye dunia, Zuhura na Utaridi yenyewe mara kadhaa ili kipunguzwe kasi na mvutano wa sayari hizo. Kwa hiyo jirani wa karibu wa jua huchukua muda mrefu kuliko Mshtarii. New Horizons, iliyorushwa Januari 2006 kwa mbio kuliko chombo chochote kabla yake, iliupita mwezi kwa saa tisa na Mshtarii kwa miezi 13. Galileo, iliyotaka kukaa huko na si kupita, ilitumia miaka sita. Masafa peke yake hayajibu swali la muda. Lazima kuuliza pia msafiri anakusudia kupita, kuzunguka au kutua.

Na upo msimu mmoja ambao hautarudi katika uhai wa yeyote anayesoma makala haya. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Mshtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni zilikaa katika mpangilio unaotokea mara moja kila miaka 175 hivi, kiasi kwamba chombo kimoja kingeweza kusukumwa na mvutano wa sayari moja kwenda nyingine. Wamarekani hawakuuachia upite. Voyager 2 iliondoka Agosti 1977, ikafika Mshtarii 1979, Zohali 1981, Uranusi Januari 1986 na Neptuni Agosti 1989. Miaka 12. Bila msukumo huo, Neptuni peke yake ingedai yapata miaka 30. Hadi leo hakuna chombo kingine kilichofika Uranusi wala Neptuni.

Tunguu haikuishi kuyaona hayo.

Tangu mwanzo kituo kilikuwa jambo la siasa. Mkataba wake ulikuwa baina ya London na Washington, uliofikiwa Oktoba 1960, mwezi uleule aliofariki Sultani Sayyid Khalifa bin Haroub baada ya kukaa kwenye kiti tangu 1911. Wazanzibari wenyewe hawakuulizwa. Wapinga ukoloni, akiwemo Abdulrahman Mohamed Babu, walikipinga hadharani kwa hofu kwamba ni kituo cha makombora, na kwamba vita ya wakubwa ikizuka Unguja itakuwa shabaha. Waliokuwa wakikitetea walisema ni mitambo ya kusikilizia tu, na katika hilo walisema kweli. Lakini hofu haikuwa ya kijinga. Roketi ya Atlas iliyomrusha Glenn ilibuniwa kubeba bomu la nyuklia kulipeleka bara jingine, na kwa mtu wa Michenzani au Kikwajuni haikuwapo njia ya kuutenganisha mradi wa amani na silaha iliyozaa mradi huo. Kosa lilikuwa la wale walioamua mambo ya kisiwa bila wenye kisiwa.

Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963. Mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964. Wamarekani wapatao 61, wakiwemo mafundi wa kituo, waliondolewa kwa manuwari ya Manley iliyotia nanga mbele ya mji. Ubalozi mdogo, uliofungwa mwaka 1915 na kufunguliwa upya mwaka 1961 wakati wa mradi huu, ukabaki na watu wachache. Mwezi Aprili serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilitaka mitambo ing'olewe, nayo ikang'olewa. Ni mwezi huohuo, tarehe 26, Zanzibar na Tanganyika zilipoungana. Mariner 4 ilikuwa imebakisha miezi saba kuanza safari ya Mirihi.

NASA ilihamia Madagascar, karibu na Antananarivo, ikakaa huko hadi 1975. Lakini pwani ya Waswahili haikunyamaza. Waitalia walisimamisha jukwaa la kurushia roketi baharini, mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi ya Kenya, wakachagua hapo kwa sababu karibu na ikweta mzunguko wa dunia wenyewe huisaidia roketi kupata mwendo. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, setilaiti ya kwanza duniani iliyoundwa kwa ajili ya kupima miale ya eksirei kutoka kwenye nyota iliruka kutoka hapo, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Wanafizikia wa dunia nzima wamelitumia neno hilo tangu wakati huo.

Wazanzibari wanajua mengi kuhusu karafuu, Sultani, mapinduzi na majahazi, na ni haki yao kuyajua. Lakini ukurasa wa Tunguu haustahili kubaki katika vitabu vya Wamarekani peke yao. Sasa Tunguu ni mji wa wanafunzi: Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina kampasi yake kuu hapo, na Chuo Kikuu cha Zanzibar kipo hapohapo. Maelfu ya vijana hushuka daladala kila asubuhi katika eneo ambalo sauti ya mtu aliye angani ilisikika wakati nchi nyingi za Afrika hazijawa huru bado. Waliokuwa na miaka 20 jioni ile ya Ramadhani sasa wamepindukia 80. Wapo wanaokumbuka milingoti, magari na walinzi, na maneno yaliyosemwa barazani kuhusu roketi. Nyaraka za serikali ya wakati ule ziko Kilimani, mwendo mfupi kutoka mjini. Walimu wa historia na wa fizikia wa Tunguu wawatume wanafunzi wao wakawasikilize wazee hao mwaka huu, na kilichosemwa kiandikwe kwa Kiswahili.